Mto chini ya goti la Mama

Siku ya tatu tangu Mama arudi Mikindani na goti lake jipya la bandia, nilipiga simu ya video kutoka Leicester, Uingereza, nikamkuta amelala chali, mto mnene umetiwa chini ya goti. Mama mdogo ndiye aliyeuweka, kwa mapenzi. Maumivu yalikuwa yametulia na Mama anatabasamu. Nikasema, "Mama mdogo, tafadhali utoe."

Goti likizoea kulala limejikunja, hugoma kunyooka, na mguu usionyooka huchechemea hata ukitiwa goti jipya. Mto unawekwa chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe. Inauma sana. Mama mdogo alinitazama, akauliza: "Mwanangu, huko ndivyo mnavyowauguza wazazi?"

Kazi yangu ni kuwatunza wazee wa watu, zamu ya usiku. Swali lile lilinichoma.

Likizo yangu yote niliimaliza kabla ya upasuaji, kwa sababu nyumba nayo ilitakiwa kuandaliwa. Maisha ya Mama yalikuwa chini: kigoda cha kubangulia korosho, mbuzi ya nazi, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Gegedu la goti, utando laini unaofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika, eksirei ikaonyesha mfupa unasuguana na mfupa. Fundi akatujengea choo cha kukalia na vishikio ukutani. Kitanda tukakipandisha kwa matofali, mikeka ya mlangoni tukaikunja ili fremu ya kutembelea isinase. Mbuzi ya nazi Mama akampa mjukuu. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Daktari bingwa wa mifupa Dar es Salaam alimtaka kwanza ashushe sukari na ang'oe jino bovu, maana vijidudu vya mdomoni vinaweza kusafiri kwenye damu hadi kwenye goti la chuma. Akamfundisha kukaza paja kabla ya upasuaji. Siku ya upasuaji ncha za mifupa zikakatwa kidogo, zikavikwa chuma, katikati ikakaa plastiki ngumu. Kesho yake akasimamishwa.

Mimi nilirudi kazini. Mama akakaa kwa kaka Mbagala hadi daktari aliporuhusu safari. Kaka alimshusha garini mara kwa mara njiani, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru, Lindi, atembee kidogo, kwa kuhofia damu kuganda mguuni. Nami kila simu niliuliza: shavu la mguu limevimba upande mmoja? Linauma ukilibonyeza? Kifua je? Jibu likiwa ndiyo, ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusubiri kuche.

Mama anasali kwenye kiti sasa. Aliniuliza atasujudu lini, nikamwambia tutamuuliza daktari pamoja.

Mazoezi tunafanya saa kumi na mbili asubuhi ya Mikindani, kwangu saa tisa usiku, wakati wa mapumziko. Mama anakaa kwenye kiti, anarudisha kisigino nyuma taratibu hadi machozi yanamlenga. Wiki ya pili mama mdogo alichukua mkaa akachora mstari sakafuni pale kisigino kilipofika. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Kila asubuhi anachora mwingine, na asipouona umesogea anasema, "Dada, tena."

Jana simu ilipopokelewa, alinionyesha sakafu kwanza. Mstari mpya umepita miguu ya mbele ya kiti, uko chini kabisa uvunguni. Ndipo akamgeuzia Mama kamera.