Fungu la mzee asiyekopesheka

Kila msimu wa bajeti unapofika, madiwani wetu wa mkoa wa Iringa huyataja makundi maalumu kwa heshima kubwa, lakini mjadala huishia karibu kila mara kwenye mikopo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata, nami niliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa maana nimeona cherehani na mabanda ya kuku yaliyotokana nayo. Hata hivyo, mkopo ni wa mtu mwenye nguvu za kuzungusha fedha na kurejesha. Mzee anayeishi peke yake, macho yamefifia na magoti yamechoka, hakopesheki, wala hapaswi kukopeshwa. Huyo anahitaji mtu wa kumtembelea na kumjulia hali kabla mambo hayajaharibika.

Huku wilayani Kilolo, Juni na Julai, baridi huwafanya wazee washinde jikoni karibu na moto. Bibi mmoja wa kijiji cha mama yangu alikuwa na presha ya muda mrefu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasiojiweza wana haki ya matibabu bila malipo; kadi yake alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na karatasi ya kliniki. Lakini zahanati iko ng'ambo ya bonde, njia inateleza, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilimshinda. Vidonge vilipokwisha alinyamaza, kama wazee wetu wengi wanavyonyamaza ili wasisumbue watu, hadi kiharusi kilipomwangusha mlangoni. Matibabu hayakulipiwa, ila gari la kumfikisha hospitali, chakula cha mgonjwa na siku ambazo binti yake aliliacha shamba la viazi vililipiwa, na vinaendelea kulipiwa mpaka leo, kwa sababu bibi haamki tena bila kushikwa.

Wapo wanaosema kwamba kutunza wazee ni kazi ya ukoo. Ni kweli, na koo zetu zimeibeba kazi hiyo kwa muda mrefu, lakini katika mikoa yetu ya Iringa na Njombe ukoo wenyewe umejeruhiwa. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, na Iringa asilimia 11.1, viwango vilivyo juu kuliko mikoa mingine yote nchini. Katika nyumba nyingi kizazi cha kati kimepungua au kimehamia mijini, na bibi ndiye anayelea wajukuu. Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, husaidia chakula na madaftari, ila haipimi presha.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Afisa ustawi wa jamii yupo, ingawa namfahamu mmoja anayejilipia mwenyewe mafuta ya pikipiki ili afike vijiji vya mbali. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na muhudumu wa kitongoji anaweza kabisa kupita na kipimo cha presha na kumchukulia mzee dawa zake. Kinachokosekana ni kifungu cha bajeti cha mafuta, posho na matengenezo madogo, kama vile mhimili wa kushikia chooni, kisichofutwa mapato yanaposuasua.

Vipaumbele vya vijiji hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kufika Baraza la Madiwani, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kwa hiyo naomba wanakijiji wenzangu, katika mkutano mkuu ujao, tuombe ufuatiliaji wa wazee na wagonjwa wa majumbani uandikwe kwenye muhtasari kama kipaumbele, pamoja na idadi yao kwa kila kitongoji, na diwani wetu atakaporudi kutoka barazani atueleze umetengewa shilingi ngapi.