Theluji ya dukani na theluji ya mlimani

Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri boda kanishusha Uru, pale mfongo, mfereji wa maji ya mashambani, unapokatiza njia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nimesimamisha ile miguu mitatu niliyochongewa na fundi seremala, nikabana hadibodi, nikakamua rangi tano tu. Februari ni mwezi wa neema kwa kazi hii. Mlima Kilimanjaro unafunguka wote, kisha ikikaribia saa tatu mawingu yanapanda kutoka msituni na siku yangu imekwisha. Juni na Julai naweza kumaliza wiki sijauona hata ukucha.

Miaka sita nilikuwa nauchora mlima huu bila kuutazama. Mchana mabango: saluni, duka la dawa, "Usikojoe hapa". Jioni nachora Kibo, kile kilele chenye theluji, za maduka ya vinyago: anga bluu, kofia nyeupe, mgunga mmoja, tembo wawili. Kwa siku nilikuwa namaliza nne. Siidharau kazi ile. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 na hadibodi na rangi za baiskeli, na wengi bado tunakula kwa njia aliyoifyeka. Ila mimi nilikuwa nanakili picha ya picha.

Siku ya kwanza kuja kuchora nje nilidhani macho yameniharibika. Bluu haikuwepo. Kabla ya jua mlima ni zambarau iliyochafuka majivu. Jua likichomoza upande wa Mawenzi, kile kilele cha pili, ubavu wa kulia wa Kibo unageuka rangi ya nyama ya pera, na unapomaliza kuichanganya rangi hiyo, imeshaondoka. Picha zangu za mwanzo zilikuwa na majua matatu kwa sababu nilikifukuza kivuli kila kiliposogea. Sasa navipanga vivuli vyote mwanzoni, halafu navifunga hapohapo. Vikihama, vihame.

Nilianza na akriliki, lakini inakaukia kwenye kibao kabla hujachovya mara mbili. Nikahamia rangi ya mafuta. Hiyo nayo hubaki mbichi siku kadhaa, na wadudu wanaipenda. Nina picha moja ya Machame yenye mbu mzima katikati ya anga. Mnunuzi alimpenda kuliko mlima. (Nikikereka namkumbuka Mmarekani John Goffe Rand, aliyesajili tyubu ya rangi ya bati mwaka 1841. Kabla yake wachoraji walibeba rangi kwenye vibofu vya nguruwe. Hebu fikiria kibofu kikipasuka kwenye bodaboda.)

Mwaka jana niliacha mabango kabisa. Miezi minne ya kwanza nilikula kwa shemeji, na alinikumbusha. Wanunuzi wangu wapo sasa, wachache, lakini wengi wana neno moja: ongeza theluji. Wanaitaka ile iliyomo kwenye picha za zamani.

Leo, saa mbili hivi, bibi mmoja ametokea kwenye ua wa masale na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo, bibi."

Ametua mzigo, ametazama picha kwa muda mrefu, nami nikajiandaa kwa lile neno.

"Theluji umeiweka kidogo."

"Ndivyo ilivyo, bibi. Tazama mwenyewe."

Ameuangalia mlima, akarudi kwenye hadibodi. Kisha akanyosha kidole na kabla sijamzuia amekipitisha kwenye rangi mbichi, chini kabisa, kwenye miamba niliyoihangaikia tangu asubuhi. "Nilipokuwa msichana ilikuwa inafika hapa."

Nilishawahi kusoma kwamba tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Nilisoma nikapita. Leo nimebaki naupima ule mchirizi wa kidole, na kweli, kutoka pale hadi nilipoishia mimi ni mbali.

Mwenye duka amepiga simu mchana, anataka Kibo mbili za tembo kabla ya Jumamosi. Nitamchorea, kodi haisubiri. Picha ya leo nimeiegesha ukutani na mchirizi wake. Kesho lazima nipite kwa bibi na tapentaini, maana kile kidole alikifutia kwenye kanga.