Halb neun si saa tisa na nusu

Katika mwaka wa kwanza wa darasa langu la Jumamosi la kuwafundisha watoto Kijerumani hapa Tanga, niliwaambia watoto kabla ya kuagana kwamba wiki ijayo tungekutana halb neun. Sikuwafafanulia, kwa sababu tulikuwa ndio kwanza tumemaliza somo la saa na nilitaka kuona nani amelishika. Wiki iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi, ambayo ndiyo maana halisi ya maneno yale, nilikuwa na watoto watano barazani. Wengine saba walifika saa tatu na nusu. Mmoja, binti wa miaka tisa anayekaa Makorora, hakutokea kabisa, nami nikadhani anaumwa. Kumbe alikuja saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa bado kali, daftari amelikumbatia kifuani, akakaa kwenye ngazi ya nyumba iliyofungwa na kungoja. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni Ngamiani, na jirani ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba kuna mwanafunzi wangu mlangoni.

Nilirudi mbio. Nilipomuuliza kwa nini amekuja saa ile, alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: neun ni tisa, halb ni nusu. Kila neno alilitafsiri sawasawa kama nilivyomfundisha, na jumla yake ilikuwa saa tisa na nusu. Mtoto hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mwalimu, aliyempa maneno bila kumpa njia ya kuyafikia.

Njia yenyewe ina vivuko viwili, na sikuwa nimemvusha hata kimoja. Cha kwanza kila Mswahili aliyesoma anakijua: sisi tunahesabu saa tangu mapambazuko, wenzetu wanahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo neun yao ni saa tatu yetu. Cha pili ndicho kilichowaponza wale saba, ambao wengi wao wanasoma shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Kiingereza, sawa na Kiswahili, huhesabu nusu juu ya saa iliyokwisha kupita, lakini Mjerumani huitaja saa inayokuja na kusema kwamba imefika nusu yake. Halb neun ni nusu ya safari ya kuelekea saa tatu. Kitabu nilichokuwa nikikitumia, ambacho maelezo yake yote ni ya Kiingereza, kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya jambo hilo, nami niliusoma kwa sauti na kuendelea mbele.

Juma lile nilikata saa ya kadibodi, nikaibandikia mishale miwili, na Jumamosi nikaanza upya kwa Kiswahili kitupu. Niliuweka mshale kwenye saa tatu kasoro robo na kuwauliza ni saa ngapi, wakajibu bila kusita. Nikawaambia: mnaona, hapa na ninyi mmeitaja saa ambayo bado haijafika, basi Mjerumani huanza kusema kasoro mapema kuliko sisi, akifika nusu tu tayari anasema saa tatu kasoro nusu. Yule binti wa Makorora aliinua mkono kabla sijamaliza sentensi. Tangu siku hiyo hakuna mtoto darasani kwangu aliyekosea halb, na tangu siku hiyo niliacha kufundisha Kijerumani kwa Kiingereza.

Mimi mwenyewe nilijifunza Kijerumani ukubwani, nilipokuwa nikiwatembeza wageni katika Mapango ya Amboni na Pangani, na nilijifunza kupitia Kiingereza kwa sababu vitabu nilivyovipata vilikuwa hivyo. Ndiyo maana nilichukulia kwamba hakuna njia nyingine. Lakini mtoto wa Tanga anayeketi mbele yangu ana Kiswahili kizima kichwani mwake, chenye ngeli, viambishi, maneno ya Kiarabu na maneno ya Kibantu, na hazina hiyo inakaribiana na Kijerumani mahali pengi ambapo Kiingereza hakina la kumsaidia. Kumlazimisha apite kwanza katika lugha ambayo bado anahangaika nayo shuleni ni kumtwika mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Chukueni der, die na das, vijineno vinavyotangulia majina, ambavyo watu wazima huvilalamikia kuliko kitu chochote. Naweka juu ya meza kijiko, uma na kisu. Kwa Mjerumani ni der Löffel, die Gabel na das Messer: vyombo vitatu vya sahani moja, na kila kimoja kina jinsi yake ya kisarufi. Anayekuja kutoka Kiingereza huuliza kwa nini kijiko kiwe mwanamume na uma uwe mwanamke, na swali hilo halina jibu. Watoto wangu hawaulizi. Nawaambia waseme kwamba kijiko kimeanguka, uma umeanguka, gari limeanguka na meza imeanguka, kisha nawauliza ni nani aliyewafundisha kwamba gari lina li na meza ina i. Hakuna aliyewafundisha, waliyapokea majina na mavazi yake tangu wakinyonya. Basi nawaambia kwamba na Mjerumani ana ngeli zake, tena tatu tu, na kwamba jina la Kijerumani lisilo na der, die wala das yake ni jina lililoshikwa nusu. Baada ya hapo kila neno jipya linaingia daftarini na vazi lake, la buluu kwa der, jekundu kwa die, la kijani kwa das.

Hata neno Mädchen, yaani msichana, ambalo huwashangaza watu kwa kuwa ni das, darasani kwetu lilipita kwa wepesi. Kiishio -chen hupunguza kitu, kama ki yetu inavyofanya nyumba kuwa kijumba, na kila neno lenye kiishio hicho huingia kwenye das, awe mtu au kitu. Mtoto mmoja alisema hapo hapo kwamba hilo ni kama neno kijana, ambalo lina ki lakini ni mtu. Nikamwambia ni kweli, ila tofauti ipo: sisi tunasema kijana amekuja, tunamrudishia utu wake kwenye kitenzi, wakati Mjerumani huliachia Mädchen das yake. Nimesoma sarufi ya Kijerumani kwa miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo mpaka mtoto wa darasa la tano aliponionyesha.

Matamshi nayo yana msaada wake hapa hapa mjini. Ile ch ya Bach na acht, inayowatoa jasho wageni wengi, watoto wanaotoka chuoni kwa maalimu wanayo tayari, kwani ni jamaa ya kh wanayoisoma kila siku. Ile ya ich ni laini zaidi na inahitaji mazoezi. Kwa ü nawaambia wachongoe midomo kana kwamba wanasema u, kisha ndani ya midomo hiyo waseme i, na baraza zima hugeuka kuwa la watu wanaopuliza moto. Kigumu kwao hasa ni konsonanti zinazofuatana bila irabu, kama katika Herbst na Strumpf, kwa sababu ulimi wa Kiswahili hutafuta mahali pa kupumzikia na, ukikosa, hujitengenezea irabu yake. Ndivyo Schule ya Wajerumani ilivyo shule kwetu bila taabu, kwa kuwa ilikuja na irabu zake, na ndivyo Heller, sarafu yao ndogo, ilivyotuachia hela.

Sasa nifike kwenye tarakimu, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo zito zaidi.

Mjerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi: ishirini na tano kwake ni fünfundzwanzig, tano na ishirini. Watoto huandika 52 wanaposikia 25, na wengine hurudia kosa hilo kwa miezi. Nilifurahi sana nilipokumbuka kwamba hesabu ya Kiarabu wanayoisoma chuoni ina mpangilio huo huo, na kwamba hata wazee wetu wa pwani walikuwa na hamsa wa ishirini yao. Basi siku moja niliwapanga watoto mistari miwili, wa kwanza waseme kwa Kiarabu na wa pili wajibu kwa Kijerumani, nao wakapokezana kwa sauti kubwa, hamsa wa ishirini, fünfundzwanzig, mpaka barabarani watu wakawa wanageuka kutazama.

Babu wa mmoja wao alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake na alikuwa amesimama chini ya mwarobaini. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo hamsa ishirini unayowaimbisha unajua ilikuwa nini? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya viboko vya Mjerumani. Babu yangu alihesabiwa hiyo." Hakusema kwa hasira. Alimshika mtoto mkono wakaondoka.

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimesoma kwamba viboko ishirini na vitano vilikuwa adhabu ya kawaida ya utawala wa Wajerumani na kwamba watu waliiita kwa jina hilo hilo, lakini nilipokuwa nikiwapanga watoto mistari, elimu hiyo ilikaa upande mmoja na somo langu upande mwingine. Usiku ule sikulala vizuri. Jumapili nilikwenda nyumbani kwa mzee, nikamwomba radhi, nikamuuliza waziwazi kama anaona haifai watoto wafundishwe lugha hii. Alinijibu kwamba lugha haikumpiga babu yake, waliompiga ni watu. Ila akasema mtoto asifundishwe kana kwamba hapakuwa na kitu.

Nimelifuata neno lake. Watoto wenye miaka kumi na zaidi nawaeleza kwamba shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi hii ilifunguliwa hapa hapa Tanga katika miaka ya 1890, na kwamba humo vijana walifundishwa kwa Kiswahili ili wawe makarani na walimu wa dola ile. Nawaeleza kwamba reli iliyoanzia hapa mwaka 1893 ilijengwa ili kuvusha mazao ya mashamba ya walowezi. Nawaeleza vilevile habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, na ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903. Hilo huwagusa sana, kwa sababu hawakutegemea kwamba kati ya lugha hizi mbili mwalimu aliwahi kuwa mtu wa pwani na mwanafunzi Mjerumani. Na nawaambia kwamba katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna majalada ya utawala ule yaliyoandikwa kwa Kijerumani, yenye kesi, kodi na majina ya watu wetu. Natamani kwa moyo wote kwamba mmoja wa watoto hawa siku moja aketi pale na kuyasoma yeye mwenyewe, asisubiri mgeni aje amsimulie habari za babu zake.

Tarakimu za namna hii bado nazifundisha kwa kulinganisha na Kiarabu, lakini natumia namba nyingine kwa mfano.

Kuna mambo madogo pia. Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, na mwalimu wa Kiswahili wa shule mojawapo aliniletea malalamiko kwamba mwanafunzi wetu ameandika insha nzima yenye Nyumba, Ng'ombe na Chakula. Tangu hapo tunafanya zoezi la kuandika sentensi moja kwa lugha zote mbili, ubavu kwa ubavu. Wazazi kadhaa wameniuliza kuhusu mtihani, nami nawajibu kwamba upo wa Fit in Deutsch 1, wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, kwa watoto wa miaka 10 hadi 16, lakini sitampeleka mtoto kabla hajaweza kusimulia siku yake bila kuchungulia daftari.

Kwa sasa tuko kwenye weil, yaani kwa sababu, neno ambalo huusukuma kitenzi mpaka mwisho kabisa wa sentensi. Nimewagawia watoto kadi, kila mmoja neno moja, nao husimama mstari mmoja ukutani. Weil akiingia, aliyeshika kitenzi hutoka alipo, hupita nyuma ya wenzake na kwenda kusimama mkiani. Jumamosi iliyopita yule binti wa Makorora alichelewa, na watoto wakataka sababu yake iwe sentensi ya siku. Kwanza palikuwa na mabishano marefu juu ya ngeli ya bajaji kwa Kijerumani, kwa kuwa kamusi haina neno hilo. Mmoja alitaka der, wengine die, mpaka yeye mwenyewe akaamua kwamba iwe das, kwa sababu gari ni das Auto na bajaji ni ndugu yake mdogo. Kisha akawapanga wenzake mmoja mmoja kwa mabega, akajiachia mwenyewe kadi ya mwisho, na sentensi, ya kusema nachelewa kwa sababu bajaji ni mbovu, ikasomwa kutoka mkono wa kushoto: Ich komme spät, weil das Bajaji kaputt. Kimya. Wote wakageuka kumtazama, naye akatembea taratibu mpaka mkiani, akainua kadi yake, na kusema: ist.