Oili ikimwagika kwenye kabro, usikimbilie maji
Wenye magari wa Nakuru, tafadhali: oili ya injini ikidondoka kwenye kabro (vitofali vya zege vya kutandaza uani) au saruji, ndoo ya maji iweke kando kwanza. Maji huitawanya tu, doa la sahani likawa la sinia. Mwaga vumbi la mbao, lile laini la msumeno (maranda hayanyonyi vizuri), likanyage kwa soli hadi liingie, liache usiku kucha, ufagie. Kisha sabuni ya unga na maji moto kidogo, uji mzito kabisa, usugue kwa brashi ngumu ya plastiki. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu, na hapo una madoa mawili.

Doa la zamani? Changanya uji huohuo na jivu, paka unene wa sentimita 1, funika kwa nailoni saa 24, kisha funua ukauke wenyewe. Ukikauka ndipo unavuta mafuta juu. Kwangua, urudie.

Petroli na mafuta ya taa, hapana: oili inakuwa nyepesi na kuzama zaidi, mbali na hatari ya moto. Uchafu wote uzoe. Mitaro ya mvua mjini huelekea Ziwa Nakuru.