Natii

Bei ya nyanya Bologna haipunguzwi. Hilo nililijua wiki ya kwanza, Septemba 2017, nilipomwomba muuzaji sokoni anipunguzie kidogo, akanitazama kama mtu aliyeombwa avue koti lake anipe. Nikalipa, nikashika adabu yangu. Kilichonichukua miezi mitano mingine kukijua ni kwamba katika mji huohuo, alama za mtihani zinajadiliwa.

Nianze na Kiitaliano changu, maana ndicho kilichoniponza. Mimi ni mtu wa Iringa, na Iringa ina Waitaliano wake wa siku nyingi, mapadre na masista wa Consolata. Aliyenifundisha lugha yao ni sista mmoja mzee, kila Jumamosi kwa miaka miwili, kwenye veranda ya misheni, tukimenya njegere. Kiitaliano cha sista kilikuwa safi na kilinyooka, lakini kilikuwa kimefungiwa utawani miaka hamsini. Kilijua kuomba, kushukuru, kusamehe, kuuliza hali ya mgonjwa. Mama mkuu akimwita kwa jambo, hata liwe la kuhamisha ndoo tu, sista alijibu neno moja: *obbedisco*. Natii. Nami nililipenda neno lile, nikaliweka pamoja na salamu na asante, kwenye fungu la maneno ya heshima.

Kwa hiyo nilifika Bologna kusoma historia nikiwa na lugha ya kutosha kuingia darasani, na adabu ya kutosha kuingia mbinguni.

Nyumbani tulikuwa watatu, nje kidogo ya lango la zamani la San Donato. Mimi, binti mmoja wa Puglia ambaye alikuwa anaongea na simu tangu asubuhi hadi usiku na mama yake kusini, na chumba cha tatu kilikuwa cha kijana wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa anasoma kilimo. Yule wa Bukavu tulimwita Papa, kwa sababu alivaa kofia ya pama hata jikoni. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili, ingawa wiki za mwanzo kila mmoja alikuwa anamsahihisha mwenzake. Akisema "batu ba Mungu batatusaidia", mimi nacheka. Nikisema "nipo poa", yeye anacheka.

Oktoba nilipanda mnara wa Asinelli na wageni wenzangu wa kozi ya lugha. Mita 97, ngazi 498 za mbao, na huko juu unauona mji wote umevaa vigae vyekundu. Nilivyorudi na kumwonyesha picha binti wa Puglia, alishika kichwa kwa mikono miwili. Sikujua? Mwanafunzi wa Bologna akipanda mnara ule kabla ya kumaliza chuo, hamalizi. Nimekulia kijijini, mambo ya namna hiyo nimeyasikia ya kutosha, nikampuuza. Lakini kuanzia siku ile, maziwa yakimwagika, baiskeli ikiibwa, nikikosa basi, alinyoosha kidole upande wa mnara bila kusema kitu.

Sasa mtihani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilizoea kupiga msuli usiku kucha, kuingia ukumbini na namba ya usajili, kuandika masaa matatu, kisha kungoja matokeo. Yakitoka yametoka. Ukila sapu, unarudi kufanya mtihani wa marudio. Ukidisko, unafunga begi. Sijawahi kumwona mtu anakwenda kumwambia mhadhiri kwamba B aliyopewa hakuipenda.

Bologna mitihani mingi ni ya mdomo. Unajiandikisha kwa tarehe fulani, unakwenda, unakaa mbele ya mwalimu, mnaongea. Alama ni kati ya 30, na chini ya 18 umefeli. Na mlango uko wazi: anayetaka kusikiliza anaingia, anakaa nyuma, anasikiliza mwenzake akisulubiwa. Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa. Ufadhili wangu ulitaka nifikishe idadi fulani ya krediti kabla ya Agosti 10, na somo hili la historia ya Zama za Kati lilikuwa na krediti 12.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2018, wiki ya theluji. Tulitembea chini ya varanda zile za Bologna ambazo zinakusitiri karibu njia nzima, mvua inyeshe isinyeshe, mimi katikati, Papa kushoto, binti wa Puglia kulia, kama wananipeleka mahakamani. Na huenda ndiko nilikokuwa ninapelekwa: jengo la San Giovanni in Monte, walikoweka historia, lilikuwa monasteri, likafanywa gereza, na gereza likaendelea kuwa hadi miaka ya 1980. Watu wa pale hukwambia hivyo huku wanakuonyesha chumba cha mtihani.

Mbele yangu aliitwa kijana mmoja mwenye ndevu za kukatwa vizuri. Aliongea. Jamani, aliongea! Aliulizwa juu ya mfalme mmoja, akaanzia kwa babu yake huyo mfalme, akazunguka Ujerumani yote, akarudi. Mikono yake ilifanya nusu ya kazi. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alimsikiliza, kisha akasema 26. Yule kijana akakunja uso kidogo, akasema anashukuru sana profesa, ila angependa kurudi mara nyingine. Mwalimu akasema haya, sawa, akamtakia siku njema.

Niliona kwa macho yangu mawili. Na bado sikuelewa. Nilichofikiri ni kwamba huyu lazima ni mtoto wa mkubwa fulani, ndiyo maana anakataa alama mbele za watu na mwalimu anamchekea. Nikamwonea huruma yule mama.

Nikaitwa mimi.

Swali la kwanza lilipita. La pili likawa Liber Paradisus, na moyo ukatulia, maana hilo nilikuwa nimelilalia na kuliamkia. Mwaka 1256 serikali ya mji wa Bologna iliamua kuwanunua watumwa wa mashambani kutoka kwa mabwana zao na kuwaacha huru. Mwaka uliofuata majina yao yakaandikwa kitabuni, watu 5,855, mabwana 403. Mji ulilipa lira 10 kwa kila aliyezidi miaka 14, na 8 kwa mtoto. Kitabu kinaitwa Paradiso kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza: kinaanzia Edeni, mwanadamu alivyoumbwa huru.

"Ni mwaka gani?" aliuliza.

"1256," nikasema.

Akangoja. Nami nikangoja. Nimefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba mkubwa akikuuliza, unajibu ulichoulizwa, unanyamaza. Ukiendelea kuongea unajifanya mjuaji.

"Kisha?"

"Waliachwa huru watu 5,855."

Akangoja tena. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kusema kwamba nilipokuwa nasoma jambo hili maktaba niliikumbuka Bagamoyo, safari ya shule, tulivyosimama pwani pale, watoto arobaini, na mwalimu wetu akashindwa kuendelea kuongea. Nilitaka kusema pia kwamba hao waliokombolewa Bologna waligeuka walipa kodi wa mji, kwa hiyo huruma ile ilikuwa na daftari lake la hesabu. Hili la kodi hasa lilikuwa ndilo jibu. Nikalikalia, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Swali la tatu likaenda vilevile. Yeye anavuta kamba, mimi natoa maji kikombe kimoja kimoja. Mwishowe alivua miwani, akanitazama kwa upole, akasema, "Ventidue. Accetta?"

22. Unakubali?

Nilisimama. Kwetu mwalimu akikupa kitu unasimama. Nikainamisha kichwa kidogo, mikono nimeifumbata mbele, na kutoka kwenye lile fungu la maneno ya heshima nikachagua lililo bora kuliko yote.

"Obbedisco."

Kukawa kimya, labda sekunde moja. Halafu chumba kizima kikapasuka. Walicheka walioketi nyuma, akacheka msaidizi wa mwalimu, yule mwenye ndevu aliyekuwa bado anakusanya vitu vyake alicheka akalaza kichwa juu ya meza. Mwalimu mwenyewe alicheka hadi akatoa leso. Alinishika mkono, akaukamata muda mrefu, akaandika 22 yake. Nikatoka masikio yanawaka, nikijua wamecheka matamshi yangu.

Kwenye korido binti wa Puglia alikuwa ameegemea ukuta wa monasteri, au wa gereza, machozi yanamtoka. Alipoweza kuongea alinieleza. Mwaka 1866 Garibaldi alikuwa vitani milimani Trentino, anawashinda Waaustria, mara ikaja amri kwamba aache, arudi nyuma. Akatuma simu ya maandishi yenye neno moja tu. *Obbedisco*. Kila mtoto wa Italia anafundishwa neno hilo shuleni, jenerali anayeshinda halafu anatii huku roho inamuuma. "Sasa wewe," alisema, "mwalimu anakupa 22, na wewe unasimama kama mwanajeshi..." Akashindwa tena.

Papa hakucheka. Alikuwa amevua kofia, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

"Dada," alisema, "juu ya nini uliitika?"

"Kuitika nini?"

"Ile 22. Prof alikuuliza kama unakubali. Haikuwa amri. Ungesema hapana, unarudia mwezi wa sita."

Nikamwambia mwalimu hakuuliza, alinipa. Akamgeukia binti wa Puglia, wakaongea Kiitaliano cha haraka, kisha wote wawili wakanitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Ndiyo, unaruhusiwa kukataa. Ndiyo, hata kama umefaulu. Hapana, mwalimu hakasiriki. Na ukishakubali ndiyo basi, hurudii tena, 22 inakaa kwenye hesabu yako hadi siku ya kuhitimu. Binti wa Puglia alinyoosha kidole upande wa mnara.

Nilimpigia mama jioni ile kutafuta mtu wa upande wangu. Nilimweleza yote, nikidhani atauliza nimefaulu au nimefeli. Mama yangu amefundisha shule ya msingi miaka 31.

"Kwa hiyo huko mwanafunzi anamkatalia mwalimu?"

"Ndiyo mama, inaruhusiwa."

"Na wewe ulikataa?"

"Sikukataa."

"Umefanya vizuri, mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Lakini ulikuwa unajua majibu?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa ulinyamaza nini?"

Sikuwa na la kumjibu, nikasingizia mtandao.

Baadaye usiku Papa aligonga mlango, amevaa koti na kofia. Alisema tunatoka, kuna kitu lazima nifundishwe kabla sijalala. Binti wa Puglia alikuwa tayari kwenye ngazi. Tukashuka Via Zamboni yote, tukapita chini ya minara miwili (binti wa Puglia alinivusha haraka), hadi Piazza Maggiore. Theluji ya mchana ilikuwa imesukumwa pembeni, chafu, ngumu kama chumvi ya mawe.

Kando ya uwanja ule, chini ya jumba la Podestà, kuna njia panda iliyofunikwa kwa dari la tao. Ukisimama kwenye kona moja, uso umeuelekeza ukutani, ukanong'ona, mtu aliyesimama kona ya pili ng'ambo anakusikia kama yuko sikioni mwako, na wapitao katikati hawasikii kitu. Mchana watalii wanapanga foleni. Usiku ule hapakuwa na mtu, ila mzee mmoja na mbwa wake.

Papa alinipeleka kona yangu, akanigeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, akaenda zake kona ya pili. Jiwe lilikuwa la baridi hadi likanichoma pua. Halafu sauti yake ikatoka ndani ya ukuta.

"18. Unakubali?"

"Hapana," nikanong'ona.

"Sisikii."

"Hapana, profesa."

"Toa profesa. 20?"

"Hapana."

"22?"

Hapo nilisita, na binti wa Puglia aliyekuwa nyuma yangu akanipiga kiwiko, ingawa Kiswahili hakijui.

"Hapana!"

"24?"

"Hapana!" Sasa nilikuwa nimepata joto. Lilitoka lenyewe, tamu, sikujua nilikuwa nalo kiasi kile. Mzee na mbwa walisimama kunitazama mtu mzima nagombana na ukuta.

"27?"

"Hapana!"

"30?"

"Hapana!"

Ukuta ukanyamaza. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Papa alikuwa anakuja kwa hatua ndefu juu ya mawe yaliyolowa, kofia mkononi.

"Dada," alisema, "na ile ya 30 pia unakatala?"