Nilivyowasha VT kwenye kompyuta yangu ili mpwa wangu acheze gemu za simu

Mpwa wangu alikuja kwangu Nyegezi kwa likizo akitokea Ukerewe, na alipokuwa akishuka melini hapa Mwanza simu yake ilimponyoka ikazama ziwani. Kilichomuuma zaidi ya simu yenyewe ni timu yake ya Dream League Soccer, ambayo alikuwa ameijenga kwa miezi mingi. Nilimwambia kwamba timu iliyohifadhiwa kwenye akaunti yake ya Google haikuzama na simu, na kwamba tungeweza kuifungua kwenye kompyuta yangu, Dell Latitude ya Core i5 niliyoinunua ikiwa imeshatumika.

Tulipakua BlueStacks 5, emuleta inayotengeneza kitu kama simu ya Android ndani ya Windows. Ilifunguka, lakini gemu ilikuwa ikiganda kila baada ya sekunde chache, na juu yake kulikuwa na onyo kwamba VT haijawashwa. Fundi mmoja mjini, nilipomweleza, alinishauri ninunue RAM nyingine, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Sikuridhika, kwa sababu emuleta hiyo inahitaji RAM isiyopungua GB 4 na yangu ilikuwa na GB 8, na onyo lenyewe halikutaja RAM hata kidogo.

VT, kifupi cha Virtualization Technology, ni uwezo uliomo ndani ya prosesa, ambao Intel walianza kuuweka mwaka 2005 na AMD wakafuata na wa kwao mwaka 2006. Android inayokaa ndani ya Windows hutoa amri ambazo kwa kawaida ni mfumo mkuu pekee unaoruhusiwa kuzitoa; VT ikiwa imewashwa, prosesa yenyewe huzipokea amri hizo na kuzitenga salama, lakini ikiwa imezimwa, kazi hiyo yote huibeba programu, na hapo ndipo gemu inapoganda hata kama kompyuta ina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kutumia shilingi moja, nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager likatokea, nikafungua Performance, kisha CPU. Kwenye mstari wa Virtualization palikuwa pameandikwa Disabled, yaani imezimwa.

Swichi yake haimo ndani ya Windows bali katika BIOS, programu ndogo ya kompyuta yenyewe ambayo huamka kabla ya Windows. Kwenye Dell, mtu huingia humo kwa kubonyeza F2 mara tu nembo inapotokea. Nilichelewa mara tatu, Windows ikanitangulia, hadi nilipoamua kuizima kompyuta kabisa na kuanza kugonga F2 mfululizo tangu nilipobonyeza kitufe cha kuwashia. Niliingia kwenye Virtualization Support, kisha Virtualization, nikaweka tiki kwenye kisanduku, nikahifadhi na kutoka. Sikugusa jambo jingine lolote humo, na ninamsihi kila atakayejaribu afanye hivyo hivyo. Mwenye kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, aandike kwanza ufunguo wake wa kuirejesha, kwa kuwa Windows inaweza kuudai baada ya mabadiliko ya BIOS.

Windows ilipowaka, mstari ule ulisomeka Enabled. Niliigawia emuleta kori 2 za prosesa na RAM ya GB 4, mpwa wangu akaingia kwenye akaunti yake, na timu yake ikatokea yote, hadi jezi alizozichagua mwenyewe. “Mjomba, hata kwenye simu haikuwa laini hivi!” alisema, na jioni ile sikuweza kuitumia kompyuta yangu tena.

Jirani yetu alijaribu baadaye akakuta VT yake imewashwa tayari, lakini emuleta yake ya zamani bado ilikuwa inalalamika. Kwake tatizo lilikuwa Hyper-V, sehemu ya Windows inayoutumia uwezo huohuo, na tuliliondoa kwa kuweka toleo la emuleta linalokubaliana nayo. Wengine huamua kuzima Hyper-V pamoja na Memory Integrity, kinga ya Windows dhidi ya programu hasidi, ila mimi siafiki kuondoa kinga ya kompyuta yenye nyaraka za kazi kwa ajili ya gemu.

Siku ya kurudi Nansio, mpwa wangu aliniomba nimwandikie maelezo ya kompyuta ya rafiki yake. Nilimwandikia kwamba kwenye HP kitufe huwa F10, kwenye ThinkPad ni F1, na kwenye ubao wa AMD jina la kutafuta ni SVM. Chini yake niliongeza kwamba atakayenunua kompyuta iliyotumika aombe kuingia BIOS mbele ya muuzaji, kwa sababu nyingine zina nenosiri lililowekwa na ofisi zilikotoka, na bila nenosiri hilo swichi hii huonekana tu, haibadilishiki. Karatasi hiyo aliikunja akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akapanda meli.