Mawe hayachachi

Mteja alikuwa Nairobi, akiitazama skrini yangu kwa video. Mimi nilikuwa Langoni, Lamu, darini, na mashua ya kwenye skrini ikaanza kwenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Fremu 24 kwa sekunde zikawa 9, zikawa 4, kisha picha ikaganda na tanga limevimba nusu.

"Hiyo ni kazi yenyewe au ni mtandao?"

Nikamwambia ni mtandao. Uongo mtupu. Nusu saa kabla ya simu yake nilikuwa nimeanza kunakili gigabaiti 600 kwenda diski ya nje, nikajiambia mambo hayo yanakwenda kwa nyuma, hayana shida.

Kwa msionijua, kazi yangu ni kufuta. Nafuta minara ya simu, injini za mashua, nyaya za stima, kijana aliyepita na jezi ya mpira katika picha inayotakiwa ionekane ni ya zamani za mababu. Mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kamera haisomi orodha. Yenyewe inaona tangi la plastiki juu ya kila dari, na mimi nalipwa kwa kila tangi.

Shida ni uzito. Fremu moja ya 4K, pikseli 4096 kwa 2160, rangi tatu, baiti 2 kwa kila rangi, inakaribia megabaiti 53 kabla ya kubanwa. Sekunde moja ya mashua ni gigabaiti 1 na robo. Na kila fremu ni faili lake peke yake, la EXR, muundo wa faili za picha za filamu ambao Industrial Light & Magic waliuachia watu wote mwaka 2003. Intaneti yangu, siku ikiwa na afya, inapitisha megabiti 20 kwa sekunde, yaani gigabaiti 9 kwa saa. Terabaiti 1.8 za picha mbichi zingechukua siku 8 na zaidi bila hata kupumua. Kwa hiyo picha mbichi zinakuja ndani ya diski, kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa boti. Zilizokamilika ndizo zinazorudi kwa waya. (Waya kwelikweli: kuta za nyumba hii ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba mawimbi ya ruta hayatoki chumba kimoja kwenda cha pili. Nimeshusha kebo kutoka darini kupitia dirisha la choo, na mama bado hajanisamehe.)

Miaka ya nyuma nilifanya kazi Nairobi kwenye mashine ya Flame, programu ya kutengeneza picha za filamu, na kule kazi za nyuma zilishikwa na programu ya Backburner: kuna meneja anayepanga foleni, kuna seva inayofanya, na kuna dirisha la kutazama nani yuko wapi. Niliporudi nyumbani na kompyuta moja ya Linux, nikadhani sihitaji foleni. Foleni ya mtu mmoja?

Aliyenifungua macho ni ami yangu, ambaye hajawahi kushika kompyuta. Ana punda wanne, wanabeba mawe na mchanga kutoka forodhani. Siku ile baada ya simu nilishuka kichwa kinaniuma, nikamkuta amesimamisha punda wake wote ubavuni mwa ukuta, kichochoro kimeziba, anampisha mtoto mwenye punda mmoja wa samaki.

"Ami, wewe wanne yeye mmoja, na bado unampisha?"

"Mawe hayachachi, mwanangu."

Nikarudi darini. Kunakili ni mawe. Mteja anayetazama mashua ni samaki.

Kumbe nilikuwa nimejaribu kumfunza adabu huyo wa mawe, ila kwa lugha asiyoijua. Nilikuwa natumia rsync, programu ya kunakili faili ya tangu 1996, nikiianzisha kwa ionice, amri ya kupanga nani atangulie kwenye diski, daraja la tatu, maana yake: isome diski pale tu ambapo hakuna mwingine anayeihitaji. Nimeifanya hivyo miaka miwili nikijiona fundi. Siku hiyo ndiyo nikafungua faili la scheduler, yaani mpangaji, chini ya /sys/block kuona nani anapanga foleni ya diski yangu ya NVMe, ile ya kasi ya ndani. Jibu: none. Hakuna. Ile daraja la tatu huheshimiwa na mpangaji kama bfq, lakini palipo na none ni sawa na kumpigia kelele punda kwa Kichina. Na hata mpangaji akiwepo, kuandika kunapitia kwanza kwenye kumbukumbu (RAM), kisha kiini cha Linux ndicho kinachoshusha kwenye diski kwa wakati wake. ionice niliyoifunga kwa rsync haimfuati huyo mshushaji.

Hapo ndipo kulikuwa na maradhi yenyewe. Kwa kawaida Linux huruhusu data isiyoshushwa ijae mpaka asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo. Mimi nina gigabaiti 64. Basi rsync ilikuwa inarundika kama gigabaiti 12 mbele ya diski ya USB inayokunywa kwa kijiko, na chombo kikijaa, kila anayetaka kuandika anasimamishwa mpaka kipungue. Programu ya kuchezesha picha nayo huandika fremu zake za muda, ikasimamishwa na wenzake. Nimeweka vm.dirty_bytes, kikomo cha rundo hilo, iwe megabaiti 256. Mstari mmoja tu, na ndio ulionisaidia kuliko yote. Pia nimehamishia fremu za muda kwenye diski ya peke yake.

Kisha nikaipa rsync kikomo cha mwendo, --bwlimit. Hapa cheka nami: niliandika 20 nikimaanisha megabaiti 20. Namba isiyo na herufi huhesabiwa kwa kilobaiti. Asubuhi nikakuta fremu kumi na kitu zimevuka, kila moja imechukua dakika 43. Andika 20m, usiache ile herufi.

La folda nililipata kwa aibu pia. Uhamishaji wangu ulibeba fremu ambayo bado ilikuwa inarendwa, yaani kompyuta haijamaliza kuitengeneza, ikafika Nairobi nusu ya chini nyeusi. Zamu iliyofuata ingeirekebisha, lakini mwenzangu wa huko alikuwa ameshaichukua. Sasa nina folda tatu: jikoni, dakani na zimefika. Fremu hurendwa jikoni. Ikikamilika, skripti huihamisha dakani, na maadamu zote ziko katika mfumo mmoja wa faili, kuhama huko ni kubadilisha jina tu, hakuna hali ya nusu. rsync hairuhusiwi kuingia jikoni. Mgeni hungoja dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, hata nyumba za hapa zimejengwa hivyo.

Fremu ikitoka jikoni huandikiwa pia alama yake ya md5, namba inayotokana na yaliyomo, kwenye orodha, na orodha husafiri nazo. Mwenzangu akipokea anaziangalia upya huko kwake. Anaona ni uchovu. Lakini rsync ikipita mara ya pili hutazama ukubwa na saa ya faili tu, haisomi yaliyomo usipoiomba, na mimi nimeshawahi kuwa na diski iliyokula chumvi ya bahari. Siombi tena.

Yaliyobaki ni madogo. Kipima saa cha systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huamsha skripti kila dakika 10, na flock, kufuli lake, huhakikisha haziamki mbili pamoja. Stima ikikatika, UPS, betri ya akiba, inanipa muda wa kuzima kwa heshima, na ikirudi rsync huruka zilizokwisha fika.

Kikomo cha intaneti bado tunakigombania. Mchana nimeiachia uhamishaji megabaiti 1 kwa sekunde, usiku 2. Mama anaangalia mawaidha kwenye simu baada ya isha, na yakikatika huita kutoka chini: "Zima mawe yako!" Tumeafikiana usiku uanze saa nne na nusu. Yeye alitaka saa sita.